Daftari la wafu lapandishwa winguni

Mtu wa pwani akienda kumzuru mzazi wake makaburini hamwulizi mtu njia. Huingia, akawatolea salamu wenyeji wa mahali pale, akapita chini ya mwembe, akahesabu makaburi matatu kutoka ukutani, akawa amefika. Hakuna karani wala hakuna namba. Daftari letu ni vichwa vya wazee, na mzee akifa hubaki mwanawe, yule aliyekuwa akishikwa mkono kila Idi asubuhi akionyeshwa: "Hapa yupo babu yako, na hapa shangazi yako."

Si kwamba watu wetu hawakujua kuandika. Pale Gedi liko kaburi lililochorwa mwaka wa Hijra 802, yaani 1399, na tarehe hiyo imewasaidia sana wataalamu waliotaka kuujua umri wa mji ule. Lakini kaburi la namna hiyo lilikuwa la mtu mkubwa. Wengine tuliachiwa kukumbukwa tu.

Utaratibu huo watosha maadamu sote twafia nyumbani. Siku hizi hatufii nyumbani sote. Wako wa kwetu waliolala London, wako Leicester, wako katika miji ya bandari ya Uingereza ambako mabaharia wetu walishuka melini zamani wasirudi tena. Huko hakuna mwembe wa kuhesabia. Huko maiti yuko mikononi mwa baraza la mji, na baraza lamjua kwa mstari mmoja katika daftari. Na madaftari hayo, msomaji, sasa yahamishwa. Yaondoka makabatini na kupelekwa mahali paitwapo "wingu".

Mimi nisingalijishughulisha na jambo hili lau si jirani yangu mmoja wa Mji wa Kale, mzee aliyekwisha kupita miaka themanini. Siku moja ya mwaka 2023, baada ya sala ya alasiri, aliniita barazani kwake.

"Msalkheri, ami," nikamwamkia.

"Msalkheri, mwanangu. Kaa hapa. Wewe ndiwe mtu wa magazeti, nisomee barua hizi."

Zilikuwa barua mbili. Ya kwanza ilikuwa nzee, imekunjwa hata imekatika penye mikunjo. Iliandikwa na baharia mmoja kumwarifu mama yake ami kwamba mwanawe mkubwa, aliyeondoka Mombasa akiwa kijana kwenda kufanya kazi melini, amefariki hospitalini katika mji mmoja wa bandari kaskazini ya Uingereza, siku ya tatu baada ya Idi ya kuchinja, Mfungo Tatu, mwaka 1390. Amezikwa na Waislamu wenziwe. Basi. Namba ya kaburi haimo, wala jina la makaburi. Kwa miaka hamsini na zaidi watu wa nyumba ile walikuwa wakimsomea hitima mtu wasiyejua alikolazwa.

Barua ya pili ilikuwa imechapwa kutoka simuni. Mjukuu wa ami, binti anayefanya kazi ya uuguzi huko huko Uingereza, alikuwa ameliandikia baraza la mji ule kuuliza kaburi la babu yake mkubwa. Jibu lilikuja kwa siku mbili, kwa adabu, tena fupi. Rekodi zote za makaburi ya mji zimekwisha kuingizwa katika programu mpya, jina lile limetafutwa, halimo.

Ami alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia. "Kama hayumo katika daftari lao la kuzikia, mwanangu, ndugu yangu walimpeleka wapi? Au walimchoma?"

Wala hakuwa akiropoka. Wakati wa korona alisikiliza redioni habari za Sri Lanka, ambako tangu mwaka 2020 hadi Februari 2021 serikali iliamuru kila aliyekufa kwa maradhi yale achomwe, Waislamu wakiwamo, na vilio vya wazazi havikusikizwa. Mwaka 2024 ndipo serikali ya nchi hiyo ilipoomba radhi. Na Uingereza kwenyewe, sheria ya korona ilipokuwa ikipitishwa Machi 2020, mbunge Naz Shah wa Bradford na wenzake ilibidi wasimame kudai maiti wa Kiislamu na wa Kiyahudi wasije wakachomwa kinyume cha dini zao, na serikali ikakubali kuirekebisha. Tena katika nchi ile kuchoma maiti ndiyo ada ya wengi: karibu wanne katika kila watano wanaokufa huchomwa. Basi mzee wa Mombasa akiambiwa "hayumo" ana haki ya kuingiwa na hofu.

Nilimwahidi nitaliulizia jambo hili mpaka nilielewe. Hapa nasimulia niliyoyapata.

Ofisi moja, madaftari mbalimbali

Katika mabaraza mengi ya Uingereza ofisi ya makaburi na ofisi ya kuchoma maiti ni moja, lakini madaftari yake hayachanganywi. Liko daftari la maziko, ambamo kila anayezikwa hupewa namba, jina, umri, tarehe na namba ya kaburi. Liko daftari la hati, lionyeshalo ni nani aliyenunua haki ya kaburi fulani. Iko ramani ya makaburi yote, moja moja na namba yake. Halafu liko daftari la waliochomwa, ambalo pia hueleza majivu yalikwenda wapi: yalichukuliwa na jamaa, au yalinyunyizwa bustanini. Huyo wa mwisho sheria yamzungushia ua mrefu, kwani maiti hachomwi mpaka liwepo ombi lililotiwa sahihi, nalo huwekwa. Kwa hivyo swali la ami lilikuwa na jibu mahali fulani. Mtu hapotei kati ya madaftari mawili bila ya kuacha alama, isipokuwa karani amekosea.

Amri ya serikali ya mwaka 1977, inayosimamia makaburi ya mabaraza, yalitaka baraza liweke daftari la kila aliyezikwa, lilihifadhi lisipotee wala kuharibika, na limruhusu mtu yeyote kulitazama kwa saa za kazi pasipo malipo. Kanuni hii ndogo msomaji aliye na jamaa huko aiweke moyoni. Huhitaji kuwa mrithi, huhitaji wakili.

Amri hiyo hiyo yasema haki ya kaburi haiuzwi kwa zaidi ya miaka 100. Hapa sisi hushtuka, kwa sababu kwetu kaburi ni la maiti mpaka siku ya kufufuliwa. Kule anunuliwacho si ardhi, ni haki ya kuamua nani azikwe pale na jiwe gani liwekwe, nayo ina mwisho wake kama kodi ya duka. Katika London, sheria ya mwaka 2007 imeyaruhusu mabaraza, penye masharti, kulitumia tena kaburi la zamani ambalo halikuzikwa mtu kwa miaka 75. Kabla ya kulitumia lazima watangaze na wampelekee ilani mwenye hati, na mwenye hati akikataa kaburi haliguswi. Lakini ilani hupelekwa wapi? Hupelekwa kwenye anwani iliyomo daftarini. Kama mwenye hati alihama mwaka 1980 na hakuna aliyewaarifu, barua itatiwa katika tundu la mlango wa nyumba ya mtu mwingine.

Mji mmoja, mambo mengi

Atakaye kuona daftari laweza kumfanyia nini Mwislamu ugenini na autazame mji wa Woking, kusini-magharibi ya London. Tanuri la kwanza la kuchomea maiti katika Uingereza lilijengwa huko, na mwaka 1885 ndipo lilipoanza kazi. Miaka minne baadaye, 1889, ukajengwa katika mji huo huo msikiti wa kwanza wa Uingereza uliojengwa hasa uwe msikiti, kwa fedha za Begum Shah Jahan wa Bhopal. Na karibu na hapo yako makaburi ya Brookwood, yaliyofunguliwa mwaka 1854, makubwa kuliko yote katika nchi ile, ambayo zamani yalikuwa na gari-moshi lake mahsusi la kuleta maiti kutoka London. Humo kuna eneo la Waislamu. Humo yumo Marmaduke Pickthall, aliyekufa mwaka 1936, na yumo Abdullah Yusuf Ali, wote wawili wafasiri wa Kurani kwa Kiingereza ambao vitabu vyao vimo katika nyumba nyingi za hapa Mombasa. Yusuf Ali alifariki London mwezi wa Desemba 1953, mpweke, hana mtu wa nyumbani kwake aliyekuwapo. Lakini alipolazwa panajulikana.

Vita vya kwanza vya dunia vilipotokea, askari wa Kihindi waliojeruhiwa Ufaransa waliletwa kutibiwa kusini ya Uingereza. Wajerumani wakaeneza habari kwamba Mwingereza hawaziki Waislamu kwa sheria zao. Waingereza, kwa kuogopa fitina hiyo, wakatenga kipande cha ardhi cha Horsell, Woking, kikamalizwa mwaka 1917, kuta na malango yakajengwa kwa namna ya Kiislamu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 maiti wale wakahamishiwa Brookwood. Bustani ya mahali pale ilipofunguliwa upya mwaka 2015 ilipandwa miti 27, kwa hesabu ya askari 27. Wenzao Wahindu na Wasingasinga 53 walichomwa juu ya vilima vya Patcham, karibu na Brighton, na mnara wa Chattri ukafunguliwa pale mwaka 1921. Majina yao 53 yaliwekwa juu ya jiwe mwaka 2010. Miaka tisini na mitano ilipita, lakini yalikuwapo mahali yameandikwa. Ndiyo maana yaliweza kuchongwa.

Linganisha na ya kwetu. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti Aprili 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Hao ndio wapagazi wetu, wale wa Carrier Corps, ambao Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ziliitwa kwa ajili yao. Na ajabu ni kwamba Kariokor hiyo hiyo leo ndipo lilipo tanuri la Wahindu la Nairobi, alipochomwa Profesa Wangari Maathai mwaka 2011. Kila anayechomwa pale sasa ana karatasi yake. Mpagazi aliyelipa mahali pale jina hana hata mstari, na hakuna kompyuta itakayomwandika, kwani kompyuta hunakili tu kilichoandikwa na mkono.

Wingu lisilo na mvua

Hili wingu ni nini basi? Ni kompyuta kubwa zilizo mbali, za kampuni, ambazo baraza hulipa ada kila mwaka ili kuweka rekodi zake humo na kuzisoma kwa njia ya intaneti. Wazee wa makabati hucheka jina, nami nilicheka, lakini kazi yenyewe si ya kuchekwa.

Kwanza kila ukurasa wa madaftari hupigwa picha. Halafu watu hukaa kuusoma mwandiko wa makarani waliokufa zamani na kuuchapa herufi kwa herufi. Halafu ramani za karatasi hulinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani, kila kaburi likafungwa na mstari wake wa daftarini, hata ukigusa kaburi kwenye kioo lakuambia ni nani. Ramani nazo zina vituko vyake. Sisi tulio Mombasa Makka iko kaskazini yetu moja kwa moja. Kwa Mwingereza iko kusini-mashariki. Makaburi ya Kikristo ya zamani hulala mashariki kwa magharibi, na ya Waislamu hukata mshazari, kwa hivyo fundi aliyechora viboksi vilivyonyooka kwa makaburi yote huweza kumwandikia maiti wetu kaburi la jirani yake.

Faida yake naikubali bila ya kinyongo. Mwislamu hufa Ijumaa jioni, watu wake wataka wamzike kesho yake, nayo ofisi imefungwa mpaka Jumatatu. Daftari likiwa kabatini, hakuna wa kuthibitisha kaburi lipi ni tupu na lipi lina mwenyewe, na mchimbaji mwenye akili hatatia jembe kwa kukisia. Likiwa winguni, ofisa wa zamu hulifungua nyumbani kwake usiku huo huo, akamwarifu mchimbaji, na alfajiri kaburi lachimbwa. Waislamu na Wayahudi wa Uingereza wamepigania sana haraka hii. Mwaka 2018 mahakama kuu ya London iliamua kwamba mchunguzi wa vifo wa sehemu moja ya mji huo hakuwa na haki ya kukataa kabisa kuzitanguliza maiti kwa sababu ya dini. Haitakuwa na maana mchunguzi kuiachia maiti Ijumaa kisha ikangoja ufunguo wa kabati.

Wako wasemao daftari la karatasi ni salama zaidi. Karatasi huungua, huliwa na mchwa, hulowa mvua. Hilo twalijua sisi watu wa joto kuliko Waingereza. Na baraza kuweka kompyuta zake lenyewe si kinga. Februari 2020 wahalifu waliingia katika kompyuta za baraza la Redcar na Cleveland wakazifunga, wafanyakazi wakarudia kalamu na karatasi, na hasara ikawa mamilioni ya pauni. Oktoba mwaka huo huo ikawa zamu ya Hackney, London. Kampuni kubwa za wingu zina walinzi wengi kuliko ofisi ya mji mdogo.

Linalonitia wasiwasi mimi ni mengine. Mabaraza hayaishi milele. Brookwood yalikuwa mali ya kampuni, yakapita katika mikono ya watu mbalimbali, mpaka baraza la Woking likayanunua mwaka 2014. Na mwaka 2023 baraza hilo lenyewe likatangaza kwamba haliwezi kulipa madeni yake. Daftari la karatasi lafuata kaburi, mwenye mali akibadilika hukabidhiwa pamoja na funguo. Daftari la winguni lafuata mkataba. Baraza lisipoandika tokea siku ya kwanza kwamba ada ikikoma litarudishiwa rekodi zake zote, katika umbo ambalo programu nyingine yaweza kulisoma, litajikuta limewapangisha wafu wake kwa mwenye nyumba. Na kwetu? Katiba ya 2010 iliyaweka makaburi na matanuri ya kuchomea maiti chini ya kaunti, na mabaraza ya manispaa yakaondoka mwaka 2013. Madaftari yao yako kabati gani leo? Naona haya kuuliza, maana nachelea kujibiwa.

Jina la "bin"

Lakini kosa lililomsibu ami halikuwa la mkataba wala la wahalifu. Lilikuwa la jina.

Programu hutaka jina la mwanzo katika boksi moja na jina la ukoo katika boksi jingine. Mzungu hana taabu. Mtu wetu ni fulani bin fulani, na karani wa bandarini, akiambiwa jina na baharia aliyekuwa akilia, huandika alivyosikia. Mohamed peke yake huandikwa kwa namna nne au tano, na mashine isiyofundishwa kwamba zote ni moja huzihesabu watu mbalimbali. Wanawake wa zamani, hata wa Kizungu, huonekana mara nyingi kama "mke wa fulani" tu. Na mwandiko nao una hila zake: saba ya karani mmoja ni moja ya mwingine.

Nilimwandikia binti, nikamwambia asitafute tena kwa jina. Atafute kwa siku. Mfungo Tatu wa mwaka 1390 uliangukia Februari 1971, na Idi ya kuchinja ilikuwa mwanzoni mwa mwezi huo. Aombe aonyeshwe picha za kurasa za Februari ile, katika madaftari yote mawili, la kuzikia na la kuchoma.

Safari hii swali lilimwangukia karani wa makamo, mmoja wa wale waliolifanyia kazi daftari lenyewe kabla halijapigwa picha. Akafungua la waliochomwa kwanza, siku baada ya siku, hakuona jina la Kiislamu hata moja. Akafungua la maziko. Mstari ulikuwapo. Karani wa 1971 alilichukua neno "bin", akaliunganisha na jina la baba, akalifanya ni ukoo. Aliyenakili kwenye kompyuta miaka hamsini baadaye akaisoma herufi B kuwa R. Hivyo ndugu yake ami alikuwa amekaa winguni muda wote ule, katika herufi R, kwa ukoo ambao hapana mtu duniani aliye nao.

Karani alirekebisha mstari kwenye programu na kuandika pembeni jina lilivyokuwa kwenye kitabu, jambo ambalo nalimsifu, maana si vizuri kulifuta kosa la zamani bila ya kuacha alama yake. Huenda jamaa mwingine akalitafuta kwa kosa lile lile. Na baraza lile, kwa taarifa ya binti, halikuvitupa vitabu vyake. Vimefungwa katika chumba kikavu. Yako mabaraza yanayoona kwamba kitabu kilichopigwa picha ni takataka, na kwa hayo ningependa wenye jamaa huko wapaze sauti mapema, kwani picha iliyofifia haipigwi tena kama kitabu kimechomwa.

Nilikwenda kwa ami na karatasi mkononi. Nilimsomea safu moja moja: namba, jina lililoharibika, kazi yake baharia, umri, siku aliyozikwa, sehemu ya Waislamu, namba ya kaburi. Nilipofika safu ya mwisho, ya aliyeongoza mazishi, palikuwa na jina la sheikh.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Alisaliwa, basi," akasema ami, akavua kofia akaiweka pajani, tukakaa kimya kwa muda.

Jambo halikwisha pale. Ami ataka jiwe liwekwe, dogo, lenye jina sahihi. Baraza lasema jiwe haliwekwi bila ya idhini ya mwenye hati, na daftari la hati laonyesha kwamba kaburi lilinunuliwa na mwenye nyumba ya kulaza mabaharia, naye amekufa zamani. Warithi wake wakipatikana watakula kiapo, hati igeuzwe jina, ndipo jiwe liruhusiwe. Binti angali anawatafuta. Amepata fununu ya mjukuu mmoja. Anwani za wenye hati walio hai hazitolewi na baraza kwa mtu baki, kwa sababu sheria yao ya kulinda siri huwakinga walio hai na kuwaacha wafu, na sidhani ni vibaya.

Kwa sasa ami amelichukua lile karatasi la bahari, barua ya 1971 iliyokatika mikunjo, akaligeuza, na nyuma yake, kwa kalamu ya wino na kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni, ameandika sehemu na namba ya kaburi. Ameniambia nakala ya simuni na nikae nayo mimi.

"Na wewe mwonyeshe mwanao," akasema.